Kesi ya Tyubu ya Vedasto

Kijiwe chetu kiko Kasingirima, pale barabara ya Ujiji inapotoa kichochoro kimoja kuelekea ziwani, na mimi ndiye ninayekiweka hai, maana bila birika langu wanaume wale wangeshinda majumbani wakiwasumbua wake zao. Jina langu Yasmini. Wao wananiita Mama Kashata. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya nyumba yangu, na juu yake turubai la plastiki, yale ya wakimbizi, ambalo Gaudensi alilileta kutoka kambini na hakuna aliyemuuliza lilitokaje. Mwaka huo wa tisini na saba nusu ya mji ilikuwa imejifunika maturubai hayo: vibanda vya nyanya, vyoo, hata mabanda ya harusi. Letu lilikuwa fupi. Lilifunika benchi karibu lote, jiko langu, beseni la kashata na baiskeli ya Castory. Kipande cha mwisho cha benchi kilibaki nje, na jua likishapanda, ukikigusa kwa kiganja unakiondoa upesi. Lakini kijiweni kwetu nafasi haigombewi. Mtu anakaa pale alipokaa jana, na akifa, nafasi yake inarithiwa na ndugu yake, kama shamba la michikichi.

Waheshimiwa wenyewe ni hawa. Upande wa mlango wangu anakaa Mzee Bonaventura, Mzee Bandari kwa jina la kijiwe, aliyestaafu kazi ya kupakia meli na hajaacha kutoa amri. Anafuata Castory, Daktari wa Geti. Huyo alilinda geti la hospitali miaka mingi, akawaona wagonjwa wakiingia na wagonjwa wakitoka, na kwa hesabu zake hakuna ugonjwa asioujua. Baiskeli yake nyekundu, zawadi ya wanawe, haiachi itoke mbele ya macho yake. Wa tatu ni Gaudensi, yaani Konvoi, dereva wa lori la chakula cha wakimbizi. Lori lilikuwa bovu wiki hiyo, kwa hiyo tulikuwa naye kutwa, na mdomo wake haukuwa bovu.

Mwishoni kabisa anakaa Vedasto. Vedasto ni albino, anapima dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, mtu mpole mwenye mke mmoja, Brigita, na binti mdogo. Wako watu mjini wenye jina lao jingine la kuwaita watu wa ngozi yake. Kwangu ukilitamka jina hilo hupati kahawa hata ukilia. Nafasi ile aliirithi kwa kaka yake Feliksi, naye wa ngozi hiyohiyo. Feliksi aliota kidonda nyuma ya sikio. Kijiwe kilikaa, kikajadili, kikamwandikia mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi. Akapaka mise mpaka kidonda kikala sikio, na alipopelekwa hospitali kubwa walimrudisha azikwe kwao. Matanga yalipokwisha, Mzee Bandari alimwita Vedasto mbele ya wote, akamshika mkono, akamkalisha pale pale alipokuwa akikaa marehemu. Ilikuwa heshima kubwa. Castory alilia.

Sasa asubuhi ninayoisema, Vedasto alikuja amejifunika kanga ya Brigita kichwani. Akatuamkia mwakeye, kama tunavyosalimiana Kiha, akampa Mzee Bandari shikamoo yake, akaketi mahali pake, kisha akaishusha ile kanga mabegani. Nilikuwa namimina kahawa. Niliimwaga kwenye makaa.

Uso wote ulikuwa mwekundu. Si wekundu wa kuungua siku moja, hapana. Kwenye paji la uso ngozi ilikuwa inabanduka, puani pameshika gamba kama ukoko wa wali, masikio yamevimba, mdomo wa chini umepasuka katikati. Ukimtazama, macho yako wewe ndiyo yanayouma.

— Nani amekumwagia uji? akauliza Konvoi.

Vedasto akasema hajamwagiwa uji. Ni dawa. Akaitoa mfukoni mwa shati, tyubu ndogo nyeupe, imekunjwa mkiani, akaiweka juu ya benchi.

Kisha akatueleza, na nitaeleza kama alivyoeleza, maana yeye alieleza vizuri na wao ndio walioharibu. Alipita daktari wa ngozi, mzungu wa shirika, pale hospitali, akamshika uso, akampapasa vile vipele vikavu ambavyo Vedasto alivizoea tangu ujana. Akamwambia hapa ndipo jua limekuwa likikupika miaka yote, na katika vidude kama hivi ndimo kilimotoka kile kilichomla kaka yako. Akampa dawa apake asubuhi na jioni. Akamwonya: utakuwa mwekundu, utawashwa, utababuka, utachukiza. Hata pale unapodhani ni pazima patatoka, kwa sababu dawa inakitafuta kilichojificha. Usiogope, usiache katikati. Ikifika mwisho magamba yanadondoka na chini yake panapona. Ukiacha katikati, ubaya unabaki mzizini, na safari nyingine tutazungumza na kisu.

— Na alisema nisikae juani, akamalizia Vedasto.

— Sawa, akasema Mzee Bandari. Endelea.

Lakini hapakuwa na la kuendelea ila yale ya nyumbani, na hayo aliyasema ametazama chini. Usiku mto unamganda shavuni, akigeuka unabandua. Jasho likiteremka ni pilipili. Akicheka mdomo unapasuka upya, kwa hiyo hacheki. Hata mvuke wa kahawa unamchoma. Brigita anampaka kwa kijiti chenye pamba, anageuza uso ili asionekane analia, na yeye anamwona. Kibirizi mwenye mizani amempumzisha, wateja wanasema atawaambukiza dagaa. Hayo yote anayaweza, alisema.

— Mwanangu amekataa nimbebe, akasema Vedasto. Daktari aliniambia kila kitu kuhusu uso. Hakuniambia nitatazamwaje. Nimechoka, wazee. Nimekuja mnishauri: niendelee au niache?

Aliuliza kweli. Si vile watu wanavyouliza ili waonewe huruma. Nilimwona anaingoja ile tyubu ihukumiwe, na ningekuwa na akili ningefunga kijiwe hapohapo.

Castory aliiokota kwanza, kwa haki ya udaktari. Akainusa. Akanusa tena. Akampa Mzee Bandari naye anuse.

— Haina harufu, akasema Castory.

— Kweli haina.

— Dawa isiyo na harufu imekufa. Mimi getini nilikuwa najua mtu amepewa dawa gani kabla hajanifikia. Dawa nzima inanuka. Hii imekufa, na maiti ukimpaka mtu mzima usoni unategemea nini? Ngozi ivutwe ingali mbichi, wahenga walisema.

Nikamuuliza methali hiyo imeingiaje. Akasema imeingia kwa sababu ina ngozi. Nikamwacha.

Akaendelea kutufundisha kwamba dawa yoyote ya kweli hupoza. Kidonda ni moto, dawa ni maji. Dawa ikiwasha ujue mwili unaikataa, unapiga kelele kama mtu anayevunjiwa mlango. Alitoa na ushahidi: kuna mtu alimwona akiingia getini na bandeji mguuni, na baadaye akamwona akitoka na bandeji mguuni. Tukangoja mwisho wa ushahidi. Ulikuwa umekwisha.

Mzee Bandari akakohoa, ishara kwamba sasa wanazungumza watu wazima.

Yeye alisema Castory amekosea, dawa haijafa, imeganda. Watoto wa siku hizi wanapewa dawa wanazipaka zilivyo. Je, mafuta ya mise unayapakaje? Asubuhi ya kipupwe yameganda chupani, meupe, magumu. Ukijipaka hivyo yanakaa juu juu, yanakuchubua. Unaiweka chupa juani, yanayeyuka. Unampaka mtoto, unamweka naye juani, yanaingia. Sote tumelelewa hivyo, na nani kati yetu hana ngozi?

— Kwa hiyo? akauliza Konvoi.

— Kwa hiyo kosa si la dawa. Tyubu hii iwekwe juu ya bati mpaka iyeyuke, aichanganye na mise nusu kwa nusu, apake, kisha akae juani imwingie. Jua ndilo lililomuunguza, si ndiyo? Basi dawa ya moto ni moto.

Nilimtazama Mzee wa watu, na mvi zake, na ile sauti yake ya kuamrisha kreni. Vedasto akasema kwa upole kwamba daktari alimkataza jua.

— Subiri kwanza, akasema Mzee Bandari. Wakubwa wanazungumza.

Vedasto akasubiri. Akaipandisha ile kanga tena kichwani, ikamfunika sikio moja.

Konvoi alikuwa ameshakunja miguu, na Konvoi akikunja miguu ujue safari ni ndefu. Akasema wote wawili wanahangaika na tyubu badala ya kumuuliza aliyeileta. Yeye amewaendesha wazungu wa mashirika, anawajua. Jumapili wakipewa nafasi wanakwenda wapi? Ziwani. Wakifika wanafanya nini? Wanavua nguo, wanalala juani kama dagaa waliomwagwa kwenye mchanga, na baada ya muda wanajigeuza upande wa pili. Hakuna anayewalazimisha. Sasa watu wenye ngozi nyeupe kuliko Vedasto, na elimu yao, wanalitafuta jua kwa gari la ofisi. Jua lingekuwa adui wa ngozi nyeupe, wangejianika?

Hapo Castory akapiga goti. Hoja imekaa, akasema.

— Kwa hiyo hii habari ya jua ni changa la macho, akasema Konvoi. Wanaficha kitu. Jiulizeni dawa inafanya nini. Inatoa ngozi ya juu. Ikitoka ya juu inabaki ipi?

— Ya chini, akasema Castory.

— Ya rangi gani?

Castory akafikiri. Mzee Bandari naye akafikiri. Niliwaona wazee wawili wanalikodolea macho shavu la Vedasto kama watu wanaochungulia chini ya sufuria.

— Nyeusi, akasema Konvoi. Kila mtu wa hapa, huko chini ni mweusi. Huyu dawa ikimaliza kazi ataamka mweusi ti.

Vedasto alisema hapana, daktari hakusema hivyo, atabaki alivyo. Lakini nani alimsikia? Wazo lilikuwa limeshapata miguu. Castory akauliza Brigita atamjuaje mumewe. Mzee Bandari akauliza binti atamwita nani baba. Wakalumbana kama cheti cha ndoa bado kitafaa. Mimi nikasema kwa maoni yangu Brigita ana macho, na sauti ya mumewe anaijua, lakini nikaambiwa niangalie moto.

— Hilo la mke ni dogo, akasema Konvoi, akashusha sauti. Mnakumbuka msako?

Tulikumbuka. Nani angesahau? Askari walipita wakikusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, na kwa kuwa Muha na Mrundi wanasikilizana na usoni hawana alama, hata wenyeji walibebwa. Shemeji yangu mimi alilala kwenye lori kwa sababu tu alijibu salamu kwa Kiha kizito.

— Vedasto leo hakamatwi, akasema Konvoi. Kila mtu anamjua, kuanzia Buzebazeba mpaka Kibirizi. Sasa aamke mweusi. Nani atamdhamini? Mwenyekiti wa mtaa atasema, Vedasto ninayemjua mimi ni mweupe. Wewe u nani? Anapandishwa lori. Huenda hata lori langu. Anapelekwa kambini, anapewa bakuli na blanketi, halafu siku ya kurudishwa watu kwao anavushwa mpaka. Mtu mzima wa Kasingirima anakwenda kurudishwa Burundi ambako hajawahi kufika. Hiyo ndiyo tyubu. Wanataka kuongeza hesabu ya wakimbizi ili misaada isikatwe.

Benchi likapumua. Ilikuwa nadharia kubwa, sikatai. Ilikuwa na serikali ndani, na wazungu, na lori.

— Kipya kinyemi ingawa kidonda, akasema Castory kwa majonzi, na hapo hata Konvoi alimgeukia.

Mimi nilikuwa namtazama Vedasto. Alikuwa ameacha kujibu. Mtu akiwa anaumwa na wenzake wanapiga domo, mwanzoni anasahihisha, halafu anachoka, halafu anaanza kukubali ili wanyamaze. Jasho lilikuwa limeanza kumteremka kwenye paji la uso, likiingia kwenye zile nyufa, naye alikuwa akilifuta kwa ncha ya kanga, taratibu, kwa kudonoa. Konvoi alipomaliza, Vedasto aliinua mikono kidogo akaishusha tena.

— Mnamjua mtu yeyote aliyewahi kuimaliza? akauliza. Mmoja tu. Nikamwone uso wake.

Hakuna aliyemjua. Na kwa kuwa hawakumjua hata mmoja, kijiwe kikaona hiyo ndiyo hukumu yenyewe.

Mzee Bandari akaitisha kura, kama walivyofanya zamani bandarini. Wanaotaka iyeyushwe juani na mise: mmoja, yeye mwenyewe. Wanaotaka irudishwe kwa mashirika kama ushahidi: mmoja, Konvoi. Wanaotaka ichomwe moto: Castory, na Konvoi akahamia huko kwa sababu lori lake bovu lisingeweza kupeleka ushahidi. Basi ikawa ni kuchoma. Mzee Bandari akasema wengi wape.

— Vedasto, unasemaje? nikauliza mimi.

— Feliksi aliwasikiliza wazee, akasema Vedasto. Na mimi nawasikiliza.

Aliyasema hayo kwa heshima kabisa, hakukuwa na kejeli ndani yake. Ndiyo maana yaliniingia mbavuni. Castory akasimama na tyubu, akaja kwenye jiko langu, akainama. Nikaweka mkono juu ya makaa. Nikamwambia mimi napika kahawa, sichomi plastiki, inywe moshi familia yake. Akasema Mama Kashata, usizuie haki. Nikamwambia haki aipeleke jalalani. Tukawa tumesimama hivyo, yeye na tyubu hewani, mimi na kiganja kinaungua, hakuna anayetaka kushindwa.

Ndipo akaja yule mwanamke.

Tulimjua kwa sura tu. Jina lake nililijua baadaye: Marcelina, mmoja wa wale waliovuka ziwa kwa maboti vita vilipofika kwao ng'ambo. Alikuwa kambini, na akipata ruhusa hushuka mjini na vipande vya turubai kichwani, sabuni na vibeseni. Biashara yake ilimfundisha kutazama juu: akipita mahali anaangalia paa kwanza, watu baadaye. Konvoi alipomwona akasema kwa sauti, mgeni njoo, mwenyeji akome, akacheka peke yake.

Marcelina hakumjali. Alisema bonjour, akasimama, akalitazama turubai letu. Nilimwona anapima. Akafuata ukingo wake kwa macho, akashuka na ukingo wa kivuli mpaka chini: akapita juu ya Mzee Bandari, akapita juu ya benchi, juu ya jiko, juu ya baiskeli nyekundu inayong'aa, mpaka kivuli kilipokatika. Hapo macho yake yakakutana na Vedasto, kanga kichwani, uso umewiva, amekaa kwenye ule mwanga mkali kama shahidi anayesubiri kuitwa.

Kisha akauliza kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua ili auze vizuri:

— Ba papa, juu ya nini velo iko ku kivuli, na huyu yaya iko ku jua?

Velo ni baiskeli, na yaya kwao ni kaka. Alikuwa anauliza kwa nini baiskeli iko kivulini na mtu yuko juani.

Castory alikuwa bado ameinama kwenye jiko langu, na swali la baiskeli ni swali lake. Akajibu upesi, kitaalamu, hata hakugeuka:

— Mama, baiskeli haiwekwi juani. Jua linababua rangi. Mpira unakauka, unapasuka.

Maneno yalimtoka yote. Alibaki vilevile, mgongo umepinda, na nikaona shingo yake inabadilika rangi.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliyezoea kucheka sikucheka, maana niliangalia miguu yangu, nikaona iko kivulini, na jiko liko kivulini, makaa ya moto, jamani, nimeyawekea kivuli. Na beseni la kashata nimelifunika na kitambaa juu yake.

Konvoi ndiye aliyejaribu kuokoa. Akamwambia Marcelina kwamba yeye ni mgeni, hajui mila za hapa. Ile si nafasi ya hivihivi. Ile ni nafasi ya heshima, kijana aliirithi kwa kaka yake. Kaka yake naye alikaa hapohapo, miaka yote, mpaka mwisho.

— Naye alikuwa na ngozi kama ya huyu? akauliza Marcelina.

— Kama hii hii. Walifanana kama mapacha.

Marcelina akaitikia kwa kichwa. Akahamisha mzigo wake kutoka kichwani hadi begani.

— Na sasa huyo kaka iko wapi?

Lilikuwa swali dogo. Mtoto wa chekechea angelijibu. Konvoi akamtazama Mzee Bandari, na Mzee Bandari akatazama fimbo yake, ile aliyoishika siku ya matanga alipomshika kijana mkono na kumkalisha. Nilingoja methali. Wana methali za kila kitu wale, za mvua, za wake, za deni. Haikuja hata moja.

Vedasto ndiye aliyesimama. Alimwendea Castory pale jikoni, akanyoosha mkono, na Castory akaiweka tyubu ndani yake kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Vedasto akaifuta vumbi, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akaishika ile baiskeli nyekundu kwa usukani, akaikunja stendi kwa mguu, akaisukuma polepole mpaka nje ya turubai, akaiegesha kwenye jua kali. Mahali ilipokuwa imesimama palikuwa na baridi. Uliona udongo bado una unyevu wa usiku. Akakaa hapo chini, mgongo kwa ukuta wangu, akafumba macho.

Castory aliitazama baiskeli yake. Jua lilikuwa limeshaikamata, rangi inawaka. Nilimwona anataka kuifuata, mguu mmoja umeshatangulia. Akamtazama Vedasto. Akarudisha mguu. Akaketi benchini, si mahali pake; alikwenda akaketi kule mwisho, peke yake, na baada ya muda mfupi nikamwona anasogeza makalio huku na huku, kwa sababu mbao zilikuwa zinaunguza. Hakuna aliyemwonea huruma. Hakuomba.

Marcelina, mtu wa biashara, akauliza kama tunataka kipande cha kuongezea. Nikamwambia asubiri, nakitaka mimi.

— Mama Kashata, akasema Mzee Bandari, na sauti yake ya kreni ilikuwa imekwenda wapi sijui. Hebu tumiminie nyingine, tuzungumze mambo mengine.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Wote waliliona birika. Lilikuwa limejaa, kifuniko kinachezacheza, mvuke unatoka mdomoni. Hakuna aliyebisha. Konvoi akakumbuka kwamba kuna fundi anamngoja kwenye lori.

Nikachukua vikombe viwili. Nikamimina kahawa katika kimoja, nikaihamishia cha pili, nikairudisha cha kwanza, tena na tena, mpaka mvuke wote ukaisha. Ndipo nikaenda nikampa Vedasto pale kivulini.